Vumbi la Doha: Kifua Hukohoa, Moyo Hulipa



Kila mwaka zinapoingia pepo za Bawarih hapa Qatar, kuanzia Juni hadi katikati ya Julai, mazungumzo ya barazani huwa ni yale yale. Huyu analalamika macho yanamwasha, yule koo limemkauka, na mwengine anasema vumbi limemkaa kifuani. Tunafunga madirisha, tunakunywa tangawizi na asali, tunangoja upepo utulie. Tukifikiria hatari, tunafikiria mapafu: pumu, mafua na kikohozi.

Hesabu za Shirika la Afya Duniani zinasema jambo jengine. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2019 hewa chafu ya nje ilisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 duniani kote. Katika vifo hivyo, takriban asilimia 68 vilitokana na kiharusi na maradhi ya moyo yanayoletwa na kuziba kwa mishipa. Maradhi sugu ya mapafu yalichukua asilimia 14, maambukizi ya njia ya hewa asilimia 14, na saratani ya mapafu asilimia 4. Maana yake ni kuwa katika kila watu watatu waliouawa na hewa chafu, wawili waliondoka kwa moyo na mishipa ya damu, wala si kwa kifua.

Mimi si daktari. Nilikuwa karani, na kazi ya karani ni kusoma karatasi zilizoandikwa na wenye ujuzi, kuzipanga, na kuyaweka yaliyomo mahali pa kuonekana. Ndivyo nilivyofanya hapa, kwa sababu naona wazee wenzangu wengi, na watoto wao pia, hawajaambiwa jambo hili, na kutolijua kunaweza kugharimu maisha.

Upepo na moshi wa Doha

Sisi wenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki tumelelewa na pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Oman na Ghuba, kusi ikayarudisha. Hapa Doha mwenye nchi ni shamal, neno la Kiarabu lenye maana ya kaskazini, ingawa upepo wenyewe aghlabu hutoka kaskazini magharibi. Hupita juu ya nchi tambarare za Iraq, penye mito ya Dajla na Furati, ukapita na majangwa ya Syria na Saudi Arabia, na njiani huokota udongo mkavu uliolainika kama unga. Ardhi ya huko inapozidi kukauka, vumbi nalo huzidi. Mwezi Mei 2022 dhoruba moja tu nchini Iraq ilipeleka hospitali watu zaidi ya 5,000 kwa shida ya kupumua. Vumbi la upande huo ndilo linalosukumwa na shamal kushuka Ghuba, hadi kwenye vibaraza vyetu.

Juu ya vumbi, kuna moshi. Magari ni mengi na malori ya dizeli hayapumziki. Majengo yanabomolewa na mengine yanajengwa. Viwanda vikubwa viko Mesaieed upande wa kusini na Ras Laffan upande wa kaskazini. Magharibi ya nchi kuna mji unaoitwa Dukhan, ambako mafuta ya Qatar yaligunduliwa karibu na mwaka 1940. Dukhan kwa Kiarabu ni moshi, na ndiko lilikotoka neno letu la Kiswahili dohani. Kwa hiyo kila tukitaja dohani ya meli au ya jiko tunataja jina la mji huo bila ya kujua.

Jambo la tatu ni jua. Moshi wa magari na wa viwanda ukipigwa na jua kali hugeuka sehemu yake kuwa gesi ya ozoni. Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga na miale ya jua, lakini ya chini tunayoivuta huchoma njia za hewa. Huzidi mchana na alasiri, wakati wa joto.

Serikali ya Qatar haikukaa tu. Reli ya Metro ya Doha ilifunguliwa 2019, na kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2022 yaliletwa mabasi mengi ya umeme. Hayo hupunguza moshi wa mjini. Lakini vumbi halina pasipoti, na kwa mwaka mzima hewa ya Doha, kama ya miji mingi ya Ghuba, hubaki na uchafu mara kadhaa zaidi ya kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Chembe zenyewe ni ndogo kiasi gani

Wataalamu hupima uchafu wa hewa kwa ukubwa wa chembe. Utakutana na majina mawili katika taarifa za hali ya hewa: PM10 na PM2.5. PM10 ni chembe zisizozidi mikromita 10 kwa upana, na PM2.5 ni zile zisizozidi mikromita 2.5. Mikromita moja ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una upana wa mikromita kama 70, kwa hiyo chembe za PM2.5 zaidi ya 25 zinaweza kupangwa ubavu kwa ubavu katika upana wa unywele mmoja.

Ukubwa huu ndio unaoamua chembe itafika wapi. Mchanga tunaoufagia hauendi mbali, hunaswa na vinyweleo vya pua na makamasi. PM10 hufika kwenye njia za hewa na kutukohoza. PM2.5 hupita vizuizi vyote hivyo, ikateremka mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa mwisho wa mapafu, pale ambapo hewa na damu zimetenganishwa na utando mwembamba mno.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza masharti yake. Kwa PM2.5, wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Kabla ya hapo viwango vilikuwa 10 na 25. Vilishushwa kwa sababu tafiti zilizidi kuonyesha kuwa hata hewa iliyodhaniwa kuwa nzuri ilikuwa bado inadhuru.

Kutoka pumzi hadi moyo

Katika skuli ya misheni niliyosoma, mwalimu wa somo la afya alituchorea moyo ubaoni mfano wa bomba la kuvutia maji, akatwambia ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Bomba hilo hupiga mara kama 100,000 kwa siku, na halina siku ya mapumziko. Nalo pia linahitaji damu yake, linayopata kupitia mishipa myembamba iliyouzunguka moyo wenyewe. Shambulio la moyo aghlabu ni kuziba kwa mshipa mmojawapo katika hiyo.

Hewa chafu huufikia moyo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya neva. Mapafu yana neva zinazopeleka habari kwenye ubongo. Chembe zikiyachokoza, mwili huona kama umeingiliwa na adui. Moyo huenda mbio, mishipa hujikaza, shinikizo la damu hupanda, na mapigo huweza kupoteza mpangilio wake. Haya hutokea ndani ya dakika au saa chache.

Njia ya pili ni ya mwili kuwaka ndani kwa ndani. Mnajua jeraha linavyovimba na kuwa jekundu, kwa kuwa askari wa mwili wamefika kupigana. Mapafu nayo hufanya hivyo hivyo chembe zinapoingia, na kemikali za vita hivyo humwagika katika damu na kuzunguka mwili mzima. Damu huwa nyepesi kuganda. Utando wa mafuta uliokwisha kujijenga katika mishipa, kwa ajili ya umri, chakula, sukari au sigara, huzidi kunenepa na huwa rahisi kupasuka.

Njia ya tatu ni ya chembe ndogo kabisa, ndogo kuliko hata PM2.5 ya kawaida, kupenya zenyewe na kuingia katika damu. Kwa muda mrefu hili lilikuwa la kudhania. Mwaka 2017 watafiti wa Edinburgh, Scotland, waliwapa watu waliojitolea kuvuta chembe ndogo mno za dhahabu, ambayo haidhuru na ni rahisi kuitambua. Dhahabu ile ilionekana katika damu na mkojo wao, na kwa baadhi yao ilikuwa bado ipo baada ya miezi mitatu. Wagonjwa waliokuwa wakingoja kuondolewa utando wa mafuta katika mishipa ya shingo nao walivutishwa, na dhahabu ikakutwa ndani ya utando uliotolewa. Yaani chembe iliyovutwa puani ilikwenda kukaa pale pale penye ugonjwa.

Ziunganishe njia hizo tatu. Presha imepanda, damu iko tayari kuganda, na utando umelegea. Utando ukipasuka, damu huganda juu yake na mshipa huziba. Ukiziba moyoni ni shambulio la moyo. Ukiziba kwenye ubongo ni kiharusi.

Basi moyo una madeni ya namna mbili. Kuna deni la siku, ambalo ni la yule aliyekwisha kuwa na maradhi, akatoka siku ya vumbi zito au akakaa saa nzima kwenye msongamano wa magari. Na kuna deni la miaka, la mtu mzima wa afya anayevuta hewa hii kila siku, mishipa yake ikikakamaa kidogo kidogo bila ya kuhisi chochote.

Dunia ilijuaje

Mwezi Disemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano. Watu walikuwa hawaoni miguu yao. Hesabu za mwanzo zilisema watu kama 4,000 walikufa, na hesabu za baadaye zimefikisha 12,000. Wengi walikuwa na kifua, lakini wengi wengine walikuwa wagonjwa wa moyo. Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956.

Watu wakaamini kuwa hatari ni ya moshi mzito tu, unaoonekana kwa macho. Imani hiyo ilivunjwa mwaka 1993 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard. Walikuwa wamewafuatilia watu zaidi ya 8,000 katika miji sita ya Marekani kwa miaka 14 hadi 16. Baada ya kuondoa hesabu ya sigara, uzito na mengineyo, waliona kuwa uwezekano wa kufa katika mji uliokuwa na hewa chafu kuliko yote, Steubenville, ulikuwa asilimia 26 juu ya ule wa mji uliokuwa na hewa safi kuliko yote, Portage. Maradhi yaliyoongoza katika tofauti hiyo yalikuwa ya moyo na mapafu, na uchafu uliolingana nayo zaidi ulikuwa wa chembe ndogo.

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Augsburg, Ujerumani, uliowauliza watu 691 walionusurika na shambulio la moyo walikuwa wapi kabla ya kushikwa. Kuwa barabarani kwenye magari kulikaribia kuongeza mara tatu uwezekano wa shambulio katika saa iliyofuata. Kelele na wasiwasi wa barabarani navyo vina sehemu yao, lakini moshi ni mmoja wa watuhumiwa wakuu.

Halafu Beijing, 2008. Serikali ya China ilifunga viwanda na kupunguza magari kwa ajili ya Olimpiki. Watafiti walipima damu za madaktari vijana 125 wenye afya, kabla, wakati na baada ya michezo. Hewa ilipokuwa safi, dalili za damu kuganda zilipungua. Michezo ilipokwisha na moshi ukarudi, dalili nazo zikarudi. Hili ni la kutia moyo: mwili hulipa, lakini pia husamehe upesi ukipewa nafasi.

Vumbi la jangwa nalo?

Wapo wanaosema, "Huo ni moshi wa Ulaya na China. Letu ni vumbi la Mungu, wazee wetu wa Oman wameishi nalo." Ni kweli kwamba ushahidi mkubwa zaidi ni wa chembe za moshi, na kwamba sehemu kubwa ya vumbi la jangwani ni chembe nene. Lakini si lote. Katika kila dhoruba imo sehemu ya PM2.5, na vumbi likipita juu ya barabara na viwanda hubeba masizi na metali.

Wajapani wamelichunguza vumbi linalowafikia kutoka majangwa ya Asia bara. Katika utafiti wa mkoa wa Kumamoto uliochapishwa 2017, uliohusu wagonjwa zaidi ya 3,700 wa shambulio la moyo, siku ya vumbi ilifuatiwa na uwezekano mkubwa zaidi wa watu kushikwa. Kama vumbi lililosafiri mpaka Japani linafanya hivyo, hili letu halipaswi kuitwa rafiki.

Nani aangaliwe zaidi

Niseme kwa haki: kwa kijana mwenye afya, siku moja ya vumbi ni hatari ndogo. Sigara na presha isiyotibiwa zinaua zaidi. Lakini sigara huvutwa na mwenye kutaka, na hewa huvutwa na wote.

Wa kuangaliwa kwanza ni wazee, wenye presha, wenye kisukari, waliowahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, na waliowekewa kizibuo cha mshipa. Katika nyumba zetu za Ghuba presha na sukari ni wageni wa kila siku. Tafiti za wagonjwa wa moyo katika nchi za Ghuba zimeonyesha pia kuwa watu huku hushikwa mapema, karibu miaka kumi kabla ya wenzao wa Magharibi. Kwa hiyo usiseme mtu wa miaka 50 bado ni kijana.

Wa pili ni wale wanaofanya kazi nje. Ndugu zetu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wako Doha kwa wingi, walinzi wa mageti, wapeleka vyakula kwa pikipiki, mafundi wa ujenzi. Hao huvuta vumbi, moshi na ozoni kwa pamoja, na joto juu yake. Joto hulazimisha moyo kusukuma damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe, na jasho hupunguza maji ya damu. Utafiti uliochapishwa 2019 kuhusu wafanyakazi wa Nepal waliofia Qatar baina ya 2009 na 2017 ulivihusisha vifo vingi vya moyo na joto kali. Kanuni ya mwaka 2021 inakataza kazi za nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, tangu 1 Juni hadi 15 Septemba. Kama una kijana wa nyumbani anayefanya kazi hizo, mwambie haki yake, na mwambie asipuuze kifua kwa kuogopa kukatwa siku.

Udi, chetezo na madirisha yaliyofungwa

Hapa nitagusa jambo ambalo akina Bibi hawatalipenda. Siku ya vumbi tunafunga nyumba, halafu tunawasha makaa, tunatia udi na ubani, na chetezo kinazungushwa chumba hadi chumba. Harufu ni nzuri na ni desturi yetu, ya Unguja na Maskati. Lakini moshi wa udi nao ni PM2.5, na mkaa hutoa gesi ya monoksaidi ya kaboni, ambayo huinyima damu hewa ya oksijeni. Nyumba ikiwa imefungwa, hakuna pa kutokea.

Singapore waliwafuatilia Wachina zaidi ya 60,000, ambao wengi wao huchoma ubani majumbani. Matokeo yaliyotolewa 2014 yalionyesha kuwa wachomaji wa muda mrefu walikuwa na vifo vya moyo na mishipa zaidi kwa asilimia 12, na vya kiharusi zaidi kwa asilimia 19.

Sisemi chetezo kitupwe. Nasema kiwashwe siku ya hewa nzuri, dirisha likiwa wazi, kwa muda mfupi, na mgonjwa wa moyo asifukizwe. Siku ya dhoruba kipumzike. Shisha haina hata udhuru huo wa desturi.

La kufanya

Kwanza, soma hewa kama unavyosoma saa. Idara ya Hali ya Hewa ya Qatar hutoa tahadhari za vumbi, na simu nyingi huonyesha kipimo cha ubora wa hewa. Kwa kipimo kinachotumika zaidi, chini ya 50 ni hewa nzuri. Kuanzia 101 wagonjwa na wazee wapunguze kukaa nje. Kuanzia 151 kila mtu ajihadhari, na ikipita 300 ni ya kukimbia ndani.

Pili, chagua pa kutembea. Madaktari hutuhimiza kutembea, nao wana haki, lakini mahali pana maana. Watafiti wa London waliwatembeza watu 119 waliopita miaka 60 kwa saa mbili, mara moja ndani ya Hyde Park na mara moja Oxford Street yenye mabasi ya dizeli. Bustanini mishipa yao ililegea na mapafu yakafunguka. Penye magari, faida nyingi ya kutembea ilipotea. Kwa hiyo badala ya ukingo wa barabara, nenda ndani ya bustani kubwa kama Aspire, mapema asubuhi kabla ya magari kuwa mengi. Siku ya vumbi au joto kali, tembea ndani ya duka kubwa. Usiache kutembea kabisa, kwani kukaa tu nako ni maradhi.

Tatu, barakoa. Kitambaa cha kilemba au shela huzuia mchanga, hakizuii PM2.5. Inayofaa ni ya N95 au FFP2, iliyobana vizuri usoni. Beijing waliwajaribu wagonjwa 98 wa moyo: walipotembea mjini wakiwa na barakoa nzuri, mioyo yao ilionyesha dalili chache zaidi za kukosa damu. Lakini mwenye kuhisi pumzi zinamkatika ndani ya barakoa aivue na kumwuliza daktari wake.

Nne, ndani ya nyumba na gari. Funga madirisha wakati wa dhoruba, safisha vichujio vya kiyoyozi, na futa vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia na kulirusha tena. Mwenye uwezo anaweza kununua mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA na kuiweka chumba cha mgonjwa. Ndani ya gari, kwenye msongamano, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote manne: dawa. Dawa ya presha, ya sukari na ya kolesteroli haisafishi hewa, lakini hupunguza deni linalongoja. Usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Kabla ya Juni, pima presha na uhakikishe dawa hazijakwisha.

Usilisingizie vumbi

Nimebakisha la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, siku ya vumbi kubwa, alibanwa na kifua baada ya kurudi dukani. Wanawe wakamwambia ni vumbi. Akapakwa dawa ya kuchua, akapewa maji ya moto, akalazwa. Jasho lilikuwa linamtoka ndani ya chumba chenye baridi, na hakuna aliyeshtuka. Alifikishwa hospitali usiku, baada ya saa sita. Alipona, lakini sehemu ya moyo wake ilikwisha kufa, na sasa kupanda ngazi za ghorofa moja ni safari.

Vumbi huwasha macho, huchezesha pua, hukausha koo na kuleta kikohozi kikavu. Lakini haya usilisingizie vumbi: kifua kubanwa au kulemewa kama kimewekewa jiwe, kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yanayokwenda mkono wa kushoto, taya, mgongo au juu ya tumbo, jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kukatika ukiwa umekaa. Wanawake, wazee na wenye kisukari huenda wasisikie maumivu kabisa, wakawa na uchovu wa ghafla na pumzi fupi tu. Kiharusi nacho kina alama zake: uso kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kuparaganyika.

Ukiona mojawapo, usikae kupima kama ni vumbi au ni moyo. Kazi hiyo ni ya mashine za hospitali. Usimpakie mgonjwa kwenye gari lako mwenyewe uende ukakwame barabarani. Gari la wagonjwa huanza matibabu njiani na linajua pa kwenda. Doha ina Hospitali ya Moyo ya Hamad, iliyofunguliwa 2011, na mshipa uliozibuliwa mapema huokoa nyama ya moyo ambayo ikifa haioti tena. Aspirini mpe tu kama anayepokea simu au daktari amekwambia.

Namba ni hizi: Qatar na Bahrain 999, Oman 9999, Imarati 998, Saudi Arabia 997, Kuwait 112. Ziandike kwenye karatasi kwa maandishi makubwa, pamoja na majina ya dawa za mzee na anwani ya nyumba kwa Kiarabu au Kiingereza, uibandike ukutani karibu na mlango. Mfundishe mjukuu na mtumishi wa nyumbani kuisoma. Siku shamal ikivuma na Babu akasema kifua kinambana, asiwepo mtu nyumbani atakayemjibu kuwa ni vumbi tu.